Kompyuta Ilisema Salama, Nami Nikanyamaza

Mpaka leo mtu akikohoa kanisani nageuka. Mchungaji wetu hapa Usagara ameshanisema mara mbili, kwa upole, kwamba Mama Kabula anatazama waumini kuliko anavyotazama madhabahu. Nifanyeje? Nimepiga picha za vifua vya watu tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikageuka rangi, na kikohozi siwezi kukisikia kikapita hivihivi. Nikisikia kile kizito cha chini, kama mtu anaburuta gunia sakafuni, ibada yangu imeishia hapo. Naanza kuwaza: yule mama kapimwa? Analala na nani? Wajukuu anaowapakata je? Mume wangu hunikanyaga mguu ili nitazame mbele.

Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii ya mionzi, alisema niandike mambo ya kuwatia moyo. Nimejaribu, jamani. Nimechana karatasi tatu. Kila nikianza, kalamu inakwenda yenyewe kwa Nyanjige. Huyu ni mama wa Ukerewe niliyempiga picha ya kifua nilipokuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Kompyuta ilisema hana ugonjwa. Mimi niliuona. Nikanyamaza. Basi nitawaeleza hilo, na mengine yatakayojileta njiani, maana nikiongea huwa sinyooki, watoto wangu wanajua.

Nilipoingia chumba cha eksirei cha hospitali yetu ya Mwanza mara ya kwanza nilikuta giza, ndoo za dawa, na mwanaume mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Ndiye Mzee Masanja, aliyenifundisha kazi. Enzi hizo picha ilioshwa kwenye dawa, ikaanikwa kama nguo mpaka ikauke, na vidole vyetu vilinuka dawa hiyo hata tukila ugali. Masanja hakuwa na mchezo. Hakuna picha iliyotoka chumbani kwetu kabla hajaiinua dirishani na kukuuliza, "Haya binti, umeona nini?" Ukimjibu kwamba kusoma picha ni kazi ya daktari, unarudishwa kuosha ndoo. Niliosha ndoo nyingi.

Kosa langu la kwanza kubwa mtalicheka. Kifua kinapigwa picha mtu akiwa amejaza hewa, kwa hiyo unamwambia vuta pumzi, shika hapohapo, na ukishapiga unamwambia pumua. Siku hiyo nilikuwa na mzee mmoja wa Misungwi, mfugaji, kavaa koti lake la heshima tukalivua kwa mbinde. Nikamsimamisha mbele ya kaseti, lile sanduku bapa linaloshika picha. Vuta, shika. Nikapiga. Mara mtu akaniita mlangoni, swali moja likazaa lingine, nikasahau. Kurudi, Mungu wangu! Mzee bado kaikumbatia kaseti, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama.

"Baba, pumua!"

Akapumua kwa kishindo, akashika ukuta. "Hukuniambia," akasema.

Wauguzi walicheka mpaka wakakaa chini. Masanja hakucheka. "Binti," akaniambia, "hawa watu wanakutii kuliko unavyofikiri. Ndiyo hatari yenyewe." Mimi nilidhani anazungumzia pumzi tu.

Nywele nazo zimenisumbua maisha yangu yote. Binti kasuka misuko mirefu, imelala begani. Kwenye picha msuko unaangukia juu ya pafu na kuonekana kama ugonjwa. Sarafu kwenye sidiria, hirizi shingoni, simu kwenye mfuko wa shati, vyote nimevikuta vifuani mwa watu. Kwa hiyo funga nywele juu kwanza, vua kila kitu, uliza, kisha uliza tena kwa lugha ya kwao. Bibi wa Kisukuma akikujibu "ndiyo, ndiyo" kwa Kiswahili, mara nyingi ni adabu tu, hajakuelewa hata neno.

Sasa nije kwenye alama, maana huko ndiko balaa lilikoanzia. Picha ya kifua ikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto, na asiye makini hajui. Ndiyo sababu tunabandika herufi ndogo ya risasi, yale madini mazito, kwenye kona ya kaseti upande wa kulia wa mgonjwa. Nilipokuwa bado mgeni nilisahau kuibandika. Daktari alikuwa ameshashika sindano ndefu ya kunyonya maji kifuani kwa kijana mmoja, na alikuwa anakwenda upande ulio mzima. Masanja aliingia wodini bila kubisha hodi, akaigeuza picha mikononi mwa daktari, akatoka. Hakunigombeza. Alinivutia kiti nikae.

Herufi hizo hupotea kama vifungo. Yetu moja ilipopotea tuliambiwa tusubiri nyingine, tukasubiri weee, haikuja. Masanja, ambaye mama yake alikuwa mtu wa visiwani na wajomba zake wote wavuvi, akaja kazini na ndoano ya sangara. Akaivunja ncha isichome mtu, akaibandika kwa plasta kwenye kona ya kaseti. Chuma kinatokea vizuri sana kwenye picha. "Ndoano ni kulia," akatangaza, na mjadala ukaisha.

Kaseti hiyo ilikuwa ya kliniki ya kifua kikuu, lile jengo la nyuma lenye madirisha makubwa. Watu wa mapokezi waliogopa kaseti iliyokumbatiwa na wagonjwa wa TB, kana kwamba ugonjwa unakaa kwenye bati. Hauambukizi hivyo, lakini ukiwaambia wanakutazama tu. Ikawa desturi: kaseti ya herufi ni ya watu wote, kaseti ya ndoano ni ya jengo la nyuma. Masanja akastaafu, akafariki. Filamu zikaondoka, zikaja kaseti za kusomwa na kompyuta. Mimi kwa mikono yangu nikaibandua ile ndoano, nikaihamishia kwenye kaseti mpya ya TB. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu si vizuri kukiacha kitu cha mzee wangu kitupwe.

Halafu wakaja vijana wa kompyuta. Kiongozi wao aliitwa Baraka, mtoto wa Mwanza hapahapa, mpole, shikamoo yake haikosi. Walikuwa wanatengeneza akili mnemba ya kusoma picha za kifua. Msidhani niliichukia. Madaktari wa kusoma picha ni wachache, visiwani ndiyo kabisa, na mgonjwa wa Ukerewe anaweza kungoja jibu mpaka akasahau kwamba alipigwa picha. Niliipokea kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilimuuliza Baraka wanaifundishaje.

"Mama, hatuiambii TB inafananaje," akasema. "Tunaionyesha picha tu. Hii ya mgonjwa, hii ya mzima, hii mgonjwa, hii mzima, nyingi mno. Yenyewe inatafuta kinachozitofautisha."

"Kama mtoto anavyowajua wajomba zake bila kufundishwa?"

"Hivyohivyo, mama."

"Na hicho kinachozitofautisha, ninyi mnakijua?"

Akacheka. "Si rahisi kukijua. Tunaangalia majibu. Ikipatia, imepatia."

Picha zilitoka kwenye makabati yetu na kwenye kompyuta yetu. Nilikaa na Baraka siku nyingi, bega kwa bega, nikimweleza: hili kovu la zamani, hili vumbi la machimbo ya dhahabu, huu msuko. Aliandika yote. Ile ndoano tuliipita picha baada ya picha na sikuitaja hata mara moja. Sikuificha, naapa. Nilikuwa nimeizoea mno, macho yalikuwa yanairuka yenyewe. Baraka naye aliiona akajua ni alama ya upande wa kulia, na kweli ilikuwa alama ya upande wa kulia, akaendelea. Wakati wa kuipima wakatumia picha ambazo kompyuta haijawahi kuziona, lakini nazo zilitoka kwetu, zilipigwa na mimi, kwa kaseti zilezile. Ikapatia karibu zote. Tulipiga makofi, tukanywa soda, na aliyeitwa kukata keki ni mimi.

Utaratibu ukawa hivi. Mtu anayekohoa anapigwa picha, kompyuta inampa alama kati ya sifuri na mia. Alama ikiwa kubwa anatoa makohozi yakapimwe, kwa kuwa makohozi ndiyo yanayothibitisha. Ikiwa ndogo anapewa dawa ya kikohozi anarudi kwake.

Wiki moja kabla ya Nyanjige nilijiaibisha. Binti mmoja alipata alama ndogo, mimi nikaona kivuli juu ya pafu, nikapaza sauti kwamba kompyuta imekosea, imekosea, mwiteni daktari. Dokta Anastela, mkuu wa kliniki ya TB, akaja, akaikuza picha, akanitazama. Ulikuwa msuko. Msuko! Mimi niliyewachosha wote kwa habari za misuko, siku hiyo nilikuwa na haraka nikasahau kumfunga mtu nywele. Vijana wa zamu wakapata la kunitania: "Mama Kabula, leo umesukwa na nani?" Nilicheka nao. Ndani iliniuma vibaya sana. Ukibakiza miezi michache kazini, hakuna unachokiogopa kama kuonekana mzee aliyepitwa na wakati.

Nyanjige alikuja asubuhi, katoka na meli ya Nansio, bandari ya kwao Ukerewe, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, anabanika sangara kwa moshi na kuuza. Kikohozi kilikuwa kimepita mwezi. Nguo zake zilinuka moshi, na daktari kijana aliyempokea alikuwa ameshaandika kwenye karatasi kwamba huenda ni huo moshi. Muuguzi akampokea mtoto, Majura jina lake, mwaka mmoja na nusu, mashavu tele, akalia kama anachinjwa. Nyanjige akasimama mbele ya kaseti. Ilikuwa ile ya herufi, kwa kuwa alitokea mapokezi ya kawaida. Akavua kitambaa cha kichwa. Sikieni hapa vizuri: alikuwa amenyoa.

Picha ikatokea. Nyuma ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa hapa chini ya shingo, palikuwa na ukungu. Mdogo tu, kama mtu amepumulia kioo. Jicho langu lilisimama pale kabla sijaliamuru. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaandika nne. Nne kwa mia. Rangi ya kijani.

Wanangu, ilikuwa sentensi moja. "Dokta, njoo utazame hapa." Nilikuwa nayo mdomoni, naihisi kwenye ulimi. Nikawaona wale vijana wa zamu wamesimama pale. Nikasema moyoni, labda ni mkunjo wa ngozi, labda ni macho yangu, hii kompyuta imeona vifua vingi kuliko mimi. Nikabonyeza kukubali.

Nyanjige akanisogelea, anajifunga mbeleko. "Mama, niko salama?"

"Kompyuta inasema uko salama."

"Ahsante, mama. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya huyu. Bado ananyonya."

Akaondoka kuwahi meli.

Kuanzia hapo sikuwa mtu. Mchana wenzangu wakienda kula, naifungua picha yake. Siku nyingine ukungu nauona, siku nyingine najishawishi kwamba haupo, naifunga, nakwenda mpaka mlangoni, narudi kuifungua tena. Mara mbili nilifika ofisini kwa Dokta Anastela nikiwa nimepanga maneno yangu yote. Nikamsalimia, nikauliza habari za watoto wake, nikaaga. Meli ikipiga honi nakimbilia dirishani. Nilikuwa nahesabu wiki kwa vidole: mtoto ananyonya, analala kifuani kwa mama yake, pumzi anayoitoa mama ndiyo anayoivuta yeye. Nyumbani niliunguza maharage mpaka mume wangu akaniuliza kama nina ugonjwa ninaomficha. Nikamjibu hapana. Hata yeye sikumwambia.

Aliyenifumbua ni binti wa chuo cha ualimu pale Butimba. Alikuja na fomu ya kupimwa afya, mnene, mcheshi, kikohozi hata hakijui. Kaseti ya herufi ilikuwa imeanguka asubuhi hiyo na kupinda kingo, nikatumia ya TB. Kompyuta ikampa tisini na saba. Nyekundu! Binti akaanza kulia palepale, anataka kumpigia mama yake. Bahati nzuri Baraka alikuwepo. Akafungua ile picha ya rangi inayoonyesha ni wapi kompyuta imetazama zaidi mpaka ikatoa jibu. Mapafu ya yule binti yalikuwa ya bluu tupu, haikuyatazama kabisa. Kona ya juu ndiyo ilikuwa inawaka nyekundu. Na katikati ya huo wekundu ilikuwepo ndoano ya Mzee Masanja.

"Mama, hiki ni nini?" Baraka akauliza.

Nikavuta kiti. "Ndoano," nikasema. "Ni ya kaseti ya TB. Hiyo kaseti tunawapigia watu wa jengo la nyuma peke yao. Miaka yote."

Baraka akakaa chini, sakafuni kabisa, na shati lake jeupe. Yeye alishaelewa, lakini ninyi niwaeleze taratibu. Ile kompyuta ilitumwa itafute kinachotofautisha wagonjwa na wazima, ikakuta kitu chepesi kuliko mapafu. Penye ndoano pana ugonjwa. Pasipo ndoano pako salama. Waliokuwa wameharibika sana iliwaona hata bila ndoano, ndiyo maana hatukushtuka mapema. Wale wa mwanzomwanzo, wenye ukungu mdogo, iliwapita.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Hakuuliza kwa ubaya.

"Hukuniuliza!" Ndivyo nilivyomjibu, kwa ukali, mtu mzima na akili zangu. Nikajichukia hapohapo. "Nisamehe, mwanangu. Hata mimi sikujiuliza."

Tulimtuliza yule binti wa Butimba, tukampiga picha nyingine bila ndoano, akatoka na fomu yake akiwa bado anapangusa macho. Akili mnemba ikafungwa mchana uleule. Dokta Anastela akaagiza picha zote zilizopata alama ndogo zisomwe upya kwa macho ya watu. Mimi nikamwambia moja haihitaji kusomwa upya. Nikamweleza yote, ukungu, msuko, nilivyobonyeza. Alivua miwani.

"Mama Kabula, wewe? Uliona?"

Nimewahi kugombezwa na wakubwa wengi, hakuna maneno yaliyowahi kunichoma hivyo. Aliipangusa miwani, akaivaa. "Kamtafute," akasema.

Ngoja niwaambie kwanza habari ya hiyo kompyuta, nisije nikasahau. Baraka na wenzake waliifundisha upya. Walikata kona za picha, wakachanganya na picha za hospitali nyingine, wakaipima kwa vifua vya watu ambao mimi sikuwagusa. Siku hizi inafanya kazi nzuri na nawasihi muitumie, hasa mtakaopangiwa visiwani. Ila kila siku fungueni ile picha ya rangi mwone imetazama wapi. Na chochote kilichopo kwenye kaseti yenu, hata kipande cha plasta, kitajeni kwa sauti mbele ya wanaokuja kukusanya picha. Kile mlichokizoea kuliko vyote ndicho muanze nacho.

Namba ya simu ya Nyanjige haikupatikana. Nikapanda meli ya Nansio pamoja na muuguzi mmoja wa kliniki, barakoa na kikopo cha makohozi mkobani. Njia nzima nilikuwa na sala moja, Mungu naomba nimkute anakohoa. Jamani, mtu anaombea kikohozi! Anayekohoa bado yuko hai, hilo tu ndilo lililokuwa akilini mwangu. Muuguzi alininunulia karanga, zikabaki mkononi mpaka zikalowa jasho.

Nansio tukaambiwa kahamia kwa dada yake kwenye mwalo wa kijiji cha mbele, mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Mwenyekiti wa kijiji akatupeleka mwenyewe. Alisema anamfahamu, yule mama anayekonda. Nilisikia neno hilo nikashika mkono wa muuguzi bila kujijua.

Tulimkuta kakaa kando ya jiko la kubanikia. Anayegeuza samaki alikuwa dada yake, yeye anaangalia tu, Majura mgongoni. Nguo zilikuwa zimemzidi. Mtoto alipotuona na sare zetu akaanza kulia, kilio kilekile, lakini mashavu hayakuwa yale.

"Shikamoo, mama wa picha."

"Marahaba, mwanangu." Dada yake alinisogezea kigoda, nikashindwa kukaa. Nikamweleza nikiwa nimesimama kwamba kompyuta ilikosea, kwamba tunahitaji makohozi yake leo, si kesho, na arudi nasi Mwanza. Alisikiliza akiwa kainamisha kichwa. Akakohoa, kile cha chini, kizito.

"Kompyuta ilikosea," akarudia. "Na wewe, mama? Siku ile ulikitazama kile kioo cha kompyuta muda mrefu. Nilikuwa nakuona. Uliona kitu?"

Muuguzi hakuwa anajua habari hiyo. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo. Ningesema hapana, na pale mwaloni hakuna ambaye angenibishia.

"Niliona," nikasema. "Niliona, nikaogopa kuchekwa, nikanyamaza."

Dada yake akanitolea maneno ya Kikerewe. Sikijui Kikerewe vizuri, lakini hayo niliyaelewa yote. Samaki wakaanza kuungua na hakuna aliyewageuza. Nilisimama pale, moshi unaniingia machoni, nikisubiri Nyanjige anifukuze, na angenifukuza ningeona ni haki yake. Kisha akafungua mbeleko, akamshusha Majura, akaniwekea mikononi.

"Basi mtazame na huyu," akasema. "Kwa macho yako."

Tulirudi nao kwa meli. Mtoto nilimbeba mimi njia nzima; alilia mpaka akachoka, akanilalia begani, na pumzi yake niliisikiliza kila mara ilipokwama kidogo. Makohozi ya Nyanjige yalitoa jibu nililokuwa nalijua tangu siku ya kwanza. Dawa alizimeza miezi yote bila kuruka hata siku moja, na sasa anabanika samaki wake kama zamani na kunisema kwamba nimenenepa. Lakini siku hiyo hayo hatukuwa tunayajua. Siku hiyo ilikuwa imebaki picha ya mtoto.

Mtoto hapigwi picha kama mtu mzima. Huwezi kumwambia shika pumzi. Unamngoja alie, na anapovuta hewa ili alie tena ndipo unabonyeza. Nyanjige alimshika mwenyewe, kavaa barakoa na aproni nzito ya risasi iliyokuwa inamwelemea. Majura akalia, akavuta hewa, nikabonyeza.

Akili mnemba ilikuwa bado imefungwa. Dokta Anastela alikuwa njiani anatoka wodini. Nikabaki mimi na kioo. Nilianza kwa mbavu, nikahamia kwenye mitulinga, juu, chini, kisha pembeni mwa moyo, pale tezi za watoto zinapovimba. Nikatazama. Nikafumba macho, nikafumbua, nikatazama tena.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nyanjige alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Kioo hakukitazama. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Sema tu, mama," akasema. "Ukinyamaza ndiyo naogopa."

"Ugonjwa upo," nikamwambia. "Upo hapa, pembeni mwa moyo. Njoo nikuonyeshe."